Mvua ya Ng'ambo

Mama Wabiwa aliileta redio sokoni Mwanga
imefungwa kwa kitenge kama mtoto mwenye homa.
"Inakohoa," alisema. "Muziki unakwenda vizuri,
ghafla: kra!
kama mtu anavunja ukuni mkavu ndani yake."

Fundi Ruhaga akaifungua, mimi nikashika tochi.
Tulipuliza vumbi, tukatoa mende aliyekauka,
tukaugusa kwa risasi waya wa spika.
Mawe mapya. Ikaimba.
Usiku akarudi nayo. Bado inakohoa.

Tukapanda naye kilimani, nyuma ya vibanda,
mahali ziwa linapoonekana.
Ilikuwa Novemba. Juu ya milima ya Kongo
mawingu yalikuwa yakiwaka na kuzima
kama gesti ya wageni wasiopata usingizi.
Mwako, na papo hapo: kra!
Mwako. Kra!
Havikupishana hata kwa unene wa ukucha.

"Si ugonjwa," fundi akasema. "Inasikia radi.
Huu mkwaruzo ni ndugu yake mwanga, tumbo moja,
ila jicho halimjui.
Hao wawili hawaombi njia.
Ungeiondoa hewa yote juu ya maji haya, wangefika vilevile."

"Na ngurumo?" nikauliza.

"Hesabu."

Kila kilomita sekunde tatu; nikahesabu hadi ng'ambo.
Mia moja na themanini. Mia mbili na kumi.
Kilichokuja ni honi ya lori la Ujiji.

"Sauti haina miguu," alisema fundi, "hubebwa.
Hewa humpokeza hewa jirani,
kama ndoo za maji nyumba inapoungua,
na kila mkono humwaga kidogo.
Jua lina kishindo cha kuwashinda wahunzi wote wa dunia,
lakini kati yetu nalo hakuna mkono wa kuipokea ndoo.
Mwanga wake tu ndio hutembea, dakika nane, peke yake, bila posho,
na asubuhi unaukuta Kibirizi unakausha dagaa."

Mama Wabiwa hakuwa na habari na jua.
Alikuwa amekizungusha kitufe hadi pasipo na stesheni:
hakuna taarabu, hakuna Bujumbura, hakuna mhubiri,
mvumo mtupu, kisha
kra.
Akaigeuza redio kidogo kidogo kifuani,
kama anavyogeuzwa mtoto mpaka alipate titi,
hadi mkwaruzo ukawa mkali.
"Hapa ni wapi?"
Fundi akanyoosha bisibisi gizani.
"Ubwari, nadhani. Au nyuma yake."

Ubwari. Alikovukia mwaka wa tisini na sita
na kitenge hicho hicho,
Mlondani kaka yake akabaki kung'oa mihogo,
eti siku mbili.
Barua tatu alizomwandikia zilirudi
na mihuri mingi kuliko maneno.

"Kwa hiyo sasa hivi," alisema polepole, "kwetu kunanyesha."

"Sasa hivi. Hujawahi kupepesa kope upesi hivyo."

"Basi kama yu hai, analowa."

Fundi hakujibu. Aliifuta bisibisi kwenye suruali,
mara mbili, ingawa ilikuwa safi.
Alimtoza bei ya mawe tu, na hiyo nayo nusu.

Fundi Ruhaga tulimzika mwaka juzi; kibanda ni changu.
Watu huniletea simu zilizotumbukia chooni,
king'amuzi kilichopigwa na umeme,
na mimi huwaambia habari ya ndoo, hucheka.
Ila masika yakianza Kongo
majirani wa Mama Wabiwa hunijia wakilalamika:
mwambie bibi yule redio yake ni mbovu,
usiku kucha inakwaruza, hatulali.

Nilimbadilishia mawe mwezi uliopita, naijua.
Ni nzima.
Inanyeshewa.